Mdogo wangu akianguka haniiti mimi tena

Shikamoo Bi Mshauri,

Nina miaka 16 na mdogo wangu wa kiume ana 7. Kwa walezi tulio nao sasa tumekaa mwaka mmoja na miezi minne. Kwangu hii ni nyumba ya saba, nikihesabu na zile tulizolala wiki mbili tatu tu.

Mama yetu mzazi yuko hai. Ni pombe. Akiwa mzima hakuna mtu mcheshi kama yeye, anatutungia hadithi mpaka mbavu zinauma. Akiwa amekunywa, nilikuwa namchukua mdogo wangu, nafunga mlango wa chumba kwa ndani, namwimbia kwa sauti ya chini mpaka alale. Kwa mlio wa funguo tu mlangoni nilikuwa najua kama usiku huo tutalala au tutakesha. Kupika nilijifunza nikiwa na miaka 8. Mdogo wangu mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, na neno lake la kwanza lilikuwa jina langu.

Baadaye tukaanza kuzungushwa. Kwa ndugu, kwa rafiki wa mama, kituoni, kisha kwa walezi wengine waliotupokea vizuri na baada ya miezi mitano wakasema hawawezi. Siku hiyo nilirudi kutoka shule nikakuta nguo zetu zimeshafungwa. Hakuna aliyetuambia tulikosea nini. Mpaka leo nalitafuta hilo kosa.

Hawa wa sasa ni watu wazuri, na hapo ndipo ninaposhindwa. Wana binti wa miaka 11. Hawapigi, hawatukani, chakula kipo. Nikimwambia mtu kuwa nina shida hapa nitaonekana sina shukrani.

Naamka saa kumi na moja kabla ya wote. Nafagia, naosha vyombo, nakunja nguo. Mama mlezi ameniambia mara nyingi nilale, nami namwitikia, kesho yake naamka tena. Chini ya nguo zangu nimeficha mkate na biskuti, nabadilisha kila wiki. Tangu nifike sijawahi kuomba kitu.

Mwezi wa pili tangu tufike, mama mlezi na binti yake waligombana mpaka mtoto akabamiza mlango. Mimi nikaanza kukunja nguo za mdogo wangu. Baada ya nusu saa nikawasikia wanacheka jikoni. Nilibaki nimekaa kitandani, nguo ziko mapajani, sielewi kilichotokea.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Miezi mitatu iliyopita mdogo wangu alianguka akachubuka goti. Nilikuwa karibu, nikanyoosha mikono. Akanipita. Akamkimbilia mama mlezi huku analia, "Mama! Mama!" Nilipaswa kufurahi. Nilikwenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Tangu siku ile namchukia mama mlezi na hajanikosea chochote. Mdogo wangu namkaripia kwa mambo madogo. Juzi nimemwambia, "Huyo si mama yako." Hakunisemesha siku nzima.

Halafu wiki iliyopita mama mlezi akaniona nachechemea. Akaniketisha, akanivua kiatu mwenyewe, akakuta ukucha umeng'oka. Viatu vinanibana tangu muhula uliopita. Akaniuliza kwa nini sikusema, na machozi yakamtoka. Yale machozi yalinikasirisha kuliko kitu chochote. Nikamwambia, "Wewe si mama yangu, usinililie." Baba mlezi alikuwa amesimama mlangoni, akasikia.

Hawajanigombeza. Hawajanifanya kitu. Mama mlezi anasema twende tukanunue viatu, nami nasema hivi bado vinafaa. Ninachosubiri nakijua. Naogopa watanirudisha mimi na kubaki na mdogo wangu, maana yeye anapendeka.

Nina kasoro gani? Huyu mama nimwiteje? Mpaka sasa namwita kwa jina la binti yake, kama majirani wanavyomwita. Na wakituchoka, nitajuaje mapema?

Ni mimi, dada mtu

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo lililoishika kalamu. Unataka kujua mapema. Mara ya mwisho ulijua kwa kukuta nguo zimefungwa, kwa hiyo umeapa hutakutwa tena. Ndiyo maana unasikiliza nyayo, unapima sauti, unachunguza uso wa mtu anapoingia. Dawa ya hili ni fupi na inatisha: uliza. Waambie hivi, wote wawili wakiwa wamekaa: "Ikitokea mnaona hamtuwezi, mtaniambia kabla? Mtaniambia kwa mdomo wenu?" Si utovu wa adabu. Ni swali la mtoto aliyefungiwa nguo bila kuambiwa, na mlezi yeyote mwenye akili ataelewa limetoka wapi.

Kuhusu wale wa kabla, acha kulitafuta kosa lako. Watu wazima waliowapokea watoto wawili kisha wakashindwa walikuwa na wajibu wa kukaa nanyi chini na kutamka kwamba wameshindwa. Hawakufanya hivyo. Wakakuachia kazi ya kujitungia sababu, na mtoto akiachiwa kazi hiyo daima hujitia hatiani mwenyewe.

Hofu ya kutenganishwa na mdogo wako nayo ipeleke kwa mtu, usiilalie. Mwambie afisa wa ustawi wa jamii anayewafuatilia. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2009 miongozo ya malezi mbadala, na humo imeandikwa kwamba ndugu waliokwisha kushikamana wasitenganishwe, isipokuwa pawe na hatari ya kudhuriwa au sababu nyingine inayohusu maslahi ya mtoto mwenyewe. Kumjibu mlezi vibaya siku moja kwa sababu ya kiatu si sababu ya namna hiyo. Afisa huyo ana wajibu wa kukusikiliza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na hili linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipo na kidonda chenyewe. Ukucha ni cha juu juu.

Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alikwenda Uganda, akawa anazitembelea familia katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga majumbani mwao. Aliona jinsi mtoto anavyomwacha mama na kwenda kucheza, akigeuka mara kwa mara kuhakikisha mama bado yupo, na akiogopa au kuumia anarudi mbio. Akishatulizwa, anaondoka tena. Aliona pia kwamba watoto wengi hawakushikamana na mama peke yake. Walikuwa na baba, bibi, na kaka na dada zao wakubwa. Upendo wa mtoto haugawanywi kama mkate, hata fulani akipata kipande kikubwa basi mwingine apunjwe.

Sasa fikiria goti la mdogo wako. Mtoto ambaye kilio chake hakikuwahi kujibiwa hafanyi alivyofanya yeye. Wengi wa watoto hao wakianguka hawalii kabisa. Wanainuka, wanapangusa damu, wanaendelea, na watu wanawasifu kwa ujasiri wasijue kwamba mtoto amekata tamaa. Wako alilia kwa sauti na akakimbilia mtu mzima, akiwa na uhakika kwamba mikono itamfungukia. Uhakika huo aliupata wapi? Si kwa mama aliyekuwa amekunywa. Si katika zile nyumba za wiki mbili tatu. Aliupata katika chumba kilichofungwa kwa ndani, kwa dada wa miaka 9, 10, 11, aliyemwimbia kwa sauti ya chini. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba ukilia, mtu huja. Alipompata mtu mzima wa kumlilia alijua la kufanya, kwa kuwa ulikuwa umeshamfundisha.

Lakini sitaki kukupoza kwa maneno matamu na kukuacha hapo. Umepoteza kitu cha kweli. Kwa miaka saba ulikuwa na kazi, tena kubwa kuliko umri wako, na uliifanya vizuri. Kisha siku moja, kwa goti lililochubuka, ukaachishwa bila taarifa, bila kuagwa, bila hata asante. Mtu mzima akipoteza kazi hivyo tunamwelewa akilia bafuni. Wewe uliona aibu kwa sababu uliita wivu. Wivu umo, sikatai. Chini ya wivu kuna majonzi, na majonzi hayatulizwi kwa kujikaripia. Lia. Usifungulie maji.

Na kuna jingine ambalo nadhani unalijua ingawa hukuliandika. Wakati mdogo wako anakupita, wewe pia ulikuwa na goti lako. Una miaka 16, hujakimbilia mtu yeyote tangu lini? Ulimwona akipokelewa mahali ambapo wewe hukuwahi kupokelewa. Hilo linauma hata kwa mtu anayempenda mdogo wake kama unavyompenda.

Mwombe msamaha mdogo wako. Usimtungie maelezo marefu, ana miaka 7. Mwambie: "Nilikukosea. Unaruhusiwa kumwita mama. Mimi bado ni dada yako." Halafu umwone atakavyokujibu. Huenda akakuuliza kama mnaweza kucheza. Mkubalie. Kazi ya dada ambayo hujawahi kuifanya ni hiyo hasa: kumtania, kumkimbiza, kumnyang'anya mpira, kumchongea kwa wakubwa akikuudhi. Ulezi ulikunyima hayo.

Twende kwenye machozi ya mama mlezi. Umeniambia yalikukasirisha kuliko kitu chochote, nami naamini najua sababu. Katika maisha yako machozi ya mtu mzima yamekuwa kazi. Mama analia, wewe unambembeleza. Mama anajuta, wewe unamwambia hakuna neno. Kwa hiyo huyu alipolia kwa ajili ya ukucha wako, mwili wako ulisikia amri ile ile ya zamani: haya, mtulize. Nawe umechoka kuwatuliza wakubwa. Ukamkata kwa maneno. Maneno yalikuwa makali na inafaa uyafute, lakini hayakutoka kwenye ubaya. Safari hii machozi hayakuwa yakikutaka ufanye chochote. Yalikuwa yako, ya kukuonea uchungu wewe. Huyazoei bado.

Waswahili wamesema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Si mjinga. Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala inayopiga kengele ya hatari kabla mtu hajapata muda wa kufikiri, na kwa mtoto aliyekulia penye vishindo kengele hiyo huwa nyepesi sana kulia. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "ngoja kwanza, huu ni ung'ongo," huendelea kukomaa hadi mtu afike kama miaka 25. Kwa hiyo usishangae kwamba akilini unajua uko salama na bado mikono inaanza kukunja nguo. Una miaka 16, umekaa hapo miezi 16. Mwili wako unahesabu kwa namna yake.

Ile nusu saa uliyokaa kitandani na nguo mapajani, nimeirudia kuisoma mara kadhaa. Ugomvi uliokuwa ukiujua wewe ulikuwa na mwisho mmoja: mtu anaondoka. Siku ile ukaona ugomvi ulioishia kwenye kicheko, na hukuwa na mahali pa kuuweka. Utauona tena na tena. Hakuna hotuba ya kukuondolea hofu hiyo. Itapungua kwa kuona mlango ukibamizwa na watu wote wakabaki ndani, mara ya kumi, mara ya arobaini. Na umeshauona mmoja ulio wako mwenyewe. Umemwambia "wewe si mama yangu" wiki iliyopita, na bado anakuambia twende tukanunue viatu.

Unaniuliza una kasoro gani. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, watafiti wakiongozwa na Emmy Werner waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu kuzaliwa hadi utu uzima wao. Miongoni mwao walikuwamo waliokulia katika umaskini na nyumba zenye ugomvi, ulevi au maradhi ya akili ya wazazi. Theluthi moja ya hao waliokulia katika hali ngumu zaidi walikua wakawa watu wazima imara, wenye kujali wengine. Na hata waliosumbuka wakiwa na umri kama wako, wengi wao walikuwa wametulia walipofika miaka ya thelathini na arobaini. Jambo lililojirudia kwa wale waliosimama ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mmoja thabiti aliyemshika, na mara nyingi mtu huyo hakuwa mzazi. Mdogo wako alikuwa naye tangu siku ya kwanza. Wewe umeanza kumpata ukiwa na miaka 15. Si kasoro. Ni kuchelewa, na hukuchelewa wewe.

Kazi za alfajiri. Kuna methali uliyoisikia tangu utotoni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitumia kuwasema wageni wavivu, lakini mimi naipenda kwa maana yake nyingine. Jembe ndilo linalomtoa mtu kwenye ugeni. Mgeni halimi; anayelima ni wa humo ndani. Wewe ulilichukua jembe siku ya kwanza, tena usiku, na hukulichukua ili uwe wa humo. Ulilichukua kulipa kodi. Jaribu wiki hii kubaki kitandani siku moja tu, hata kama macho yako wazi unatazama dari. Utaona hakuna kilichotokea. Kazi za nyumba fanya, kila mtu anafanya, ila mchana, pamoja na wengine, na ikitokea siku moja umechoka, useme umechoka.

Mkate na biskuti usivionee haya. Watoto wengi waliowahi kulala na njaa huficha chakula hata kabati likijaa, na huacha wenyewe tumbo likishaamini. Mwombe mama mlezi kopo lenye kifuniko liwe lako, likae chumbani. Basi.

Kuna sentensi moja umeipita haraka: kwamba ulikuwa unafunga mlango kwa ndani. Huenda ulifunga ili msisikie kelele tu. Lakini kama kuna mtu uliyekuwa unamfungia, kama kuna yeyote katika nyumba zile saba aliyekugusa au kukutisha wewe au mdogo wako, hilo usilibebe peke yako tena. Lipeleke kwa afisa wa ustawi, kwa mwalimu unayemwamini, kwa mshauri nasaha. Na hata kama halipo, bado nakuombea upate mshauri wa kuzungumza naye ana kwa ana, kwa sababu miaka yako ni mizito mno kwa barua moja na jibu moja. Ukiona hulali usiku kucha, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, usingoje hata siku moja.

Umwiteje? Mwanangu, Kiswahili hakina choyo na neno hili. Kuna mama mzazi, mama mlezi, mama mkubwa, mama mdogo, mama mkwe, na hakuna hata mmoja anayemfuta mwingine. Siku ukitaka kumwita mama, mama yako mzazi hatapungukiwa na kitu; ataendelea kuwa yule yule aliyekutungia hadithi mpaka mbavu zikauma, na unaruhusiwa kumkumbuka na kumpenda. Mkataba ule ule niliokutajia, kifungu cha 9, unamlinda mtoto aliyetenganishwa na mzazi wake ili aendelee kuwasiliana naye, isipokuwa mawasiliano hayo yawe na madhara kwake. Pombe yake hukuileta wewe, na kurudi kwako hakutaiondoa. Lakini pia huna deni la kumwita mlezi wako mama kwa sababu amekulisha. Shukrani ina neno lake, ni asante. Hilo jingine likija lije lenyewe, na lisipokuja, jina la binti yake ni jina la heshima na ataliitikia maisha yote. Ukipenda muulize tu, "Wewe ungependa nikuite nani?"

Na wewe mama uliyemvua mtoto kiatu, ikiwa ukurasa huu umekufikia, nina maneno machache kwako. Usimwambie tena ajisikie yuko kwao, hajui kunakuwaje. Mwambie mambo kabla hayajatokea: nani anakuja Jumamosi, kwa nini leo umenuna, kwamba umegombana na mumeo na hakuna anayehama. Ukimkasirikia, mkasirikie, kisha tamka waziwazi kwamba bado ni wa hapo, hata kama unaona ni jambo lisilohitaji kusemwa. Usimnyang'anye kazi zote kwa mkupuo, atabaki hana pa kusimama. Na muulize kuhusu mdogo wake. Alikuwa anamwimbia wimbo gani? Akiwa na homa anapenda alale upande gani? Ni yeye anayemjua mtoto huyo kuliko mtu yeyote duniani, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Halafu mshukuru kwa kumfikisha mdogo wake mikononi mwako akiwa hai na anajua kulia. Mshukuru kwa sauti, mbele ya baba mlezi, kwa kuwa naye alikuwepo mlangoni siku ile.

Binti yangu, leo jioni usijaribu kuyasema yote. Nenda jikoni akiwa peke yake. Kama macho yanakushinda, shika kitu cha kuosha, watu husema mengi mikono ikiwa na kazi. Mwambie: "Nilisema vibaya siku ile. Viatu vinabana. Naomba tukanunue." Hiyo itakuwa mara yako ya kwanza kuomba kitu tangu ufike hapo, na itakutetemesha. Mkifika dukani, usichague vya bei ndogo kuliko vyote ili usiwe mzigo. Vaa vyote viwili, simama, tembea mpaka mwisho wa duka na urudi, na vikikubana, sema.